Kidole

Saa moja na nusu asubuhi. Tukuyu mvua haijaamua,
ipo kwenye majani ya migomba, haipo.
Simu inatetemeka juu ya debe la unga:
Tusubilege. Kwake Minesota bado ni jana.

"Baba, karatasi ya kura imekuja kwa posta."

Kwa posta, kama barua ya ada.
Ameitandaza mezani kando ya sare yake
ya kuogeshea wazee wa watu,
ndefu, imeandikwa mbele na nyuma,
imejaa viduara vitupu
kama mayai yaliyosuswa na kuku.

Miaka kumi na moja amelipa kodi kule
bila kuulizwa neno. Sasa wanamuuliza yote kwa mkupuo.

Gavana, sawa. Gavana namwelewa:
ni mkuu wa mkoa anayelazimika kuja kuomba.
Lakini kidole chake kinateremka. Mkaguzi wa hesabu.
Mkaguzi naye anapigiwa kura?
Mwanasheria mkuu. Katibu. Halafu majaji,
safu nzima ya majaji, wengi hawana mpinzani.
"Hao nao niwapake?"
Sijui, mwanangu. Kwetu
aliyepita bila kupingwa hulala mapema.

Nilikuwa karani mimi, chaguzi tatu,
darasa la tatu B, shule ya Kiwira.
Kazi yangu ilikuwa kidole.
Nimeshika vidole vya kata nzima:
vya wachuma chai, vimepasuka kwa umande,
cha mchimba makaa, wino haukuonekana,
cha bibi harusi aliyeninong'oneza, kidogo tu, kaka, kesho napigwa picha.
Usiku tukahesabu kwa karabai.
Mtu mmoja alikuwa amechora ng'ombe.
Hakuweka vema. Ng'ombe, na nundu yake, na kamba,
katikati ya wagombea wawili,
amewageuzia wote makalio.
Msimamizi akasema, imeharibika.
Nikaiweka kwenye zilizoharibika.
Ng'ombe yule nilimjua, na zizi lake nalijua.
Sikusema. Sijasema hadi leo.

"Huyu wa chini kabisa simjui, Baba. Nichague kwa uzuri wa jina?"
Uliza watu, nikamwambia. Yule Msomali wa zamu ya usiku.
"Ananiuliza mimi. Anadhani nimesoma."
Basi mwache wazi.
"Kumwacha wazi si ni kumwachia mwingine?"
Hapo nikakohoa, nikatafuta chai yangu.

Halafu nikateleza. Nikasema, na huyo gavana,
umempa nani?

Simu ikageuka. Nikaona dari,
taa nyeupe, kona yenye utando wa buibui,
nikasikia kalamu ikikwaruza, ikikwaruza,
na sauti ya yule mtoto aliyekuwa akilala
chini ya meza yangu ya wino, juu ya gunia,
kwa kuwa mama yake alikuwa kwenye foleni:
"Siri, Baba. Si ulikuwa unawafukuza
waliochungulia?"

Nilikuwa nawafukuza. Kwa rula.

Dari likakaa muda mrefu.
Aliporudi alikuwa analamba gundi, bahasha ndani ya bahasha.
"Na kidole, watakupaka lini?"
"Hawapaki. Sahihi tu."
Sasa watu watajuaje kama umepiga?
"Nitajua mimi," akasema. Akapiga mwayo,
akaniaga, na jana yake ikamalizika.

Nimeshuka shambani na panga.
Mkungu ulikuwa umekomaa tangu Jumapili.
Utomvu umenitiririkia mkononi, mweupe kwanza,
kisha, kama kawaida yake, ukaanza kuwa mweusi.
Wengine hujipaka mafuta kabla ya kukata.
Nami nilikuwa na mafuta, mfukoni.

Jirani yangu Ambakisye, kwenye ua:
"Mbona unajitazama kidole?"
Nikamwambia mvua inakuja,
aanue kahawa.